Kinu Kisichosaga

Kile chumba cha uani kwa Masila, kule Ukunda, watoto wa mtaa walikipa jina la kinu. Kila zilipowashwa mashine zilizokuwamo, mngurumo wake ulitoka dirishani ukavuka ua, na mgeni aliyekuwa akipita njia ya nyuma aliweza kusimama akauliza kama unga wa mahindi unauzwa hapo. Masila mwenyewe alilicheka jina hilo. Kalekye, mkewe, hakulicheka, lakini alilitumia. "Baba Judy yuko kinuni," aliwaambia waliokuja kumwulizia, nao wakajua ni heri warudi baadaye.

Zilikuwa seva, yale makompyuta bapa na marefu, yasiyokuwa na kioo wala kibodi, ambayo mahoteli huyaficha katika vyumba vya nyuma yahifadhi mambo ya kompyuta nyingine zote. Masila alizijua kwa kazi. Ujana wake aliuanzia katika hoteli moja ya ufuoni Diani, akiwa msaidizi wa fundi, na hoteli ile ilipofungwa, wenzake walipokuwa wakigombea vitanda na majiko, yeye alitoka na seva kuukuu iliyokuwa imeachwa nje ya jikoni, buibui wamekwisha kuhamia ndani. Hiyo ndiyo iliyokuwa ya kwanza. Siku hizi riziki yake aliitafuta kwa pikipiki, akizunguka hoteli na nyumba za kukodisha, akitengeneza intaneti na kubadilisha nyaya zilizotafunwa na ngedere. Lakini moyo wake ulikuwa mle chumbani. Alizisugua mashine zile kwa mswaki na spiriti hadi kutu ya hewa ya chumvi ikatoka. Alichomoa vipande vidogo vya kumbukumbu akapachika vikubwa, akatoa diski zilizochoka akatia mpya. Mashine ambayo mwenyewe aliitupa kwa uzee, Masila aliweza kuifanya ikimbie kuliko siku ilipotoka kiwandani, na hakuna kitu kilichompa raha kama hicho.

Ila ukimwuliza ni za kazi gani, alibabaika.

Baba yake alimwuliza hivyo siku aliyofika. Mzee Muange aliishi ndani kabisa, ng'ambo ya Mackinnon Road, katika shamba walilogawiwa zamani walipohama kutoka Ukambani. Alifuga mbuzi na kulima pojo mvua ilipokubali. Aliyemtunza alikuwa Kaindi, dada yake Masila, mjane, ambaye ndiye aliyemwuguza mama yao pia hadi alipofariki. Masila alikuwa mtu wa kupiga simu. Basi mzee alipoota mtoto wa jicho katika macho yote mawili, ikawa hamtambui mbuzi hadi amguse, Kaindi alimpigia kaka yake akasema, "Safari hii nakuletea wewe. Hospitali ya Msambweni iko karibu nawe. Nami mgongo unaniuma." Hakusema kwa ubaya, lakini Masila aliposikia yale maneno alihisi kama mtu aliyekumbushwa kwamba sahani anayolia chakula si yake.

Mzee alipoongozwa hadi mlango wa kinu, alisimama akaukaza uso wake kuelekea kwenye kelele.

"Kinasaga nini?"

"Hakisagi kitu, Baba. Ni kompyuta."

"Za ofisi ya nani?"

"Si za ofisi. Ni zangu. Nilizikuta zimetupwa, nikazifufua."

"Sasa zinafanya nini?"

Masila alieleza. Moja ilihifadhi picha na nyimbo za zamani. Nyingine ilikuwa na masomo ya shule, watoto wa jirani huja jioni na simu wakayasoma bila kununua bando. Ya tatu ilikuwa... ya tatu alikuwa bado anaitengeneza.

"Hiyo unaitengeneza ije ifanye nini?"

"Ije iwe na nguvu zaidi."

Mzee alitikisa kichwa taratibu. "Hata mimi nilikuwa na beberu nisiyekuwa na haja naye," akasema. "Nilimpenda tu." Na jambo hilo Masila alilipenda sana, akamsimulia Kalekye wakati wa kula, maana hakuna aliyewahi kumwelewa upesi namna ile.

Jicho la kulia lilipasuliwa, kazi ikaenda vizuri. Mzee alirudi nyumbani amefungwa bandeji, na jicho la kushoto, ambalo lilikuwa bado linangoja zamu yake, lilikuwa na ukungu mtupu. Muuguzi aliwaambia Masila na mkewe maneno machache: asiiname, asinyanyue kitu, asitembee peke yake. Nyumba yao choo kilikuwa nje, hatua chache kutoka kibaraza, na mbele yake palikuwa na ngazi moja ya saruji. Kila mzee alipotaka kwenda, alikuwa akiita, na aliyekuwapo akamshika mkono.

Sasa, siku hizo hizo ndipo Sharif alipoleta mzigo. Sharif alikuwa na duka la vyuma vya kompyuta kuukuu Mombasa, na Masila alikuwa amemsumbua tangu mwaka uliopita amtafutie prosesa mbili za aina moja, zile kubwa kuliko zote ambazo seva yake ya tatu ingeweza kuzibeba. Prosesa ndizo bongo za mashine. Ile seva ilikuwa na nafasi ya mbili, na zilizokuwamo zilikuwa dhaifu. Kifurushi kilifika asubuhi. Masila alikifungua mezani, akayatazama yale mabamba mawili madogo yanayong'aa, akayafunga tena, akayaweka juu ya kabati. Akasema atangoja hadi Kaindi amchukue mzee. Alisema hivyo kwa sauti, Kalekye akasikia.

Siku ya pili yake Kalekye alikuwa na matanga huko Kona ya Musa. Mwalimu mwenzake alikuwa amefiwa na mama. Alijifunga leso, akasimama mlangoni.

"Usimwache Baba."

"Nimwache niende wapi?"

"Unapajua utakapokwenda," Kalekye akasema, naye akacheka, na Masila akacheka.

Baada ya chakula cha mchana mzee alilala kwenye kochi. Masila alikaa naye. Joto lilikuwa la kubana. Feni ya darini ilizunguka pasipo kupoza kitu. Alisoma ujumbe wa kazi kwenye simu, akaujibu. Akamtazama baba yake akipumua, mdomo wazi kidogo, mikono imewekwa tumboni kama ya mtu aliyefika safari. Atalala hadi alasiri, Masila aliwaza. Na kutia prosesa si kazi ndefu. Akaichukua ile paketi juu ya kabati, akatoka kwa kunyata, akaingia kinuni. Kisha akaufunga mlango, ili kelele isimwamshe mzee. Jambo hilo alilishika sana baadaye, kwamba aliufunga mlango kwa ajili ya mzee.

Alifungua kifuniko, akazitoa prosesa za zamani, akafuta ile dawa nyeupe ya kupoza iliyokuwa imekauka kama chokaa, akapaka mpya. Zile mbili zikakaa mahali pake vizuri kabisa. Akawasha. Seva za aina ile zikiwashwa huanza kwa kuzungusha feni zote kwa nguvu zote, na katika chumba kidogo chenye paa la mabati, mtu hasikii hata anachojisemesha mwenyewe. Alingoja. Badala ya taa ya kijani ikatoka ya rangi ya machungwa. Akazima, akahamisha vipande vya kumbukumbu, akawasha. Ya machungwa tena. Akazima. Shati lilikuwa limemganda mgongoni, lakini hakuwa na habari. Alikuwa katika ile hali anayoijua kila fundi, wakati jibu limekaribia na hutaki mtu akuguse.

Alizima mara nyingine. Feni zikalegea, zikalegea, zikasimama. Na katika ukimya ule ikaja sauti kutoka nje.

"Masila."

Haikuwa kelele. Ilikuwa sauti ya mtu anayeita mara moja ili aitikiwe. Masila aliinua kichwa. Mkononi alikuwa ameshika kipande cha kumbukumbu, na wakati ule ule alikuwa ameona kosa: vipande vyote alikuwa amevipanga upande wa prosesa moja, nyingine ameiacha tupu. Akajiambia sauti ile ni ya kwa jirani. Kisha akajiambia kwamba kama ni Baba, basi anataka maji, na maji yanaweza kungoja kidogo. Hilo la pili ndilo ambalo hakuweza kujitetea kwalo kamwe, maana mtu akishasema "kama ni Baba," amekwisha kujua kwamba ni Baba.

Akavipachika vipande upande wa pili, akabonyeza swichi. Feni zikanguruma.

Mlango ulipogongwa, ulikuwa unagongwa kwa viganja viwili. Alifungua, akamkuta Jumwa, jirani yao, mikono yake myeupe kwa nazi aliyokuwa akiikuna. Midomo yake ilikuwa ikienda lakini Masila hakusikia neno. Alimwona tu akinyoosha mkono kuelekea chooni.

Mzee Muange alikuwa amelala ubavu chini ya ile ngazi ya saruji, mguu wa kushoto umegeuka vibaya. Kanzu aliyovalishwa kwa ajili ya joto ilikuwa imelowa. Bandeji ya jicho ilikuwa bado imekaa. Mkono mmoja ulikuwa umeshika nyasi.

"Nimeteleza," akasema mzee, kwa upole, kama anayeomba radhi.

Walimpeleka Msambweni kwa gari la Mramba, mwanamume wa nyumba ya pili aliyekuwa na teksi, Jumwa ameketi nyuma amekipakata kichwa cha mzee. Mfupa wa nyonga ulikuwa umevunjika. Daktari alisema lazima kuwe na upasuaji, na kwa umri ule asingependa kuahidi kitu. Kalekye alifika moja kwa moja kutoka matangani. Alimtazama mumewe vidole, ambavyo vilikuwa bado na dawa nyeupe ya kupoza, akageuka akaenda kitandani kwa mzee.

Magharibi Masila alirudi nyumbani kuchukua shuka na nguo. Alisikia akiwa bado barabarani: kinu kilikuwa kimetulia, sauti ya chini, laini, ya mashine iliyoridhika. Aliingia ili aizime. Taa ilikuwa ya kijani. Aliunganisha kioo kuhakikisha, na pale kila kitu kilikuwa kimeandikwa jinsi alivyokuwa akikiota tangu mwaka jana. Prosesa zote mbili, kumbukumbu yote, pasipo kosa hata moja. Na kabla hajakumbuka, furaha ilimpanda kifuani. Haikukaa. Lakini ilipanda, na babaye yuko kitandani na mguu uliofungwa uzito. Aliuchomoa waya ukutani bila hata kuizima kwa utaratibu wake, akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, shuka mkononi, akajiona ni mtu asiyemjua.

Kaindi alifika siku ya pili, kwa basi. Alikuja na mfuko wa pojo na maziwa ya mbuzi kwenye chupa, kana kwamba amekuja kumsalimu mtu asiyeumwa. Aliketi upande wa kitanda, akamshika baba yake mkono, akazungumza naye Kikamba kwa muda mrefu juu ya mbuzi. Kisha akamtazama kaka yake.

"Ulikuwa wapi?"

"Chumbani, na mashine. Kelele ni nyingi mle. Sikusikia."

"Nau aliita?" akasema, kwa lile neno la Kikamba la kumwita baba. Alimwuliza yeye, lakini aliyejibu alikuwa mzee mwenyewe.

"Sikuita," akasema. "Nilitaka kwenda mwenyewe. Kichwa changu ni kigumu, unanijua."

Kaindi aliwaangalia mmoja baada ya mwingine. "Miaka yote niliyokaa nawe, Nau, hukwenda chooni bila kuniita," akasema. Akainuka, akaenda kutafuta maji ya moto.

Masila alibaki na baba yake. Alitarajia mzee aseme jambo, lakini mzee alikuwa amefumba macho. Na Masila, ambaye angeweza kusema pale pale, hakusema. Maneno ya baba yake yalikuwa yamemwekea mlango wazi wa kutokea, akatoka.

Jambo baya zaidi lilikuwa la Jumwa. Siku ya upasuaji alikuja hospitalini na uji wa mtama ndani ya chupa ya chai, akamvuta Masila kando, kwenye ukuta wa nje ambako jamaa wa wagonjwa huketi.

"Baba Judy, nina neno linanikaba," akasema. "Mimi nilimsikia. Nilikuwa nakuna nazi, nikasikia mzee anaita, nikadhani anaita tu wajukuu, wazee wana mambo yao. Nikamaliza kifuu kile, nikashika kingine. Ndipo nikasikia tena, sauti imekuwa ndogo. Mungu anisamehe. Ningalikuja mara ya kwanza, asingalikaa chini muda ule wote, na jua lile." Machozi yalikuwa yakimtoka. "Wewe ulikuwa na kelele zako, huna lawama. Mimi nilikuwa na masikio."

Masila alimtazama mwanamke huyu aliyekuwa amevuka ua wa watu mikono imejaa nazi, akampakata mzee asiyekuwa wake. Alichomjibu kilikuwa, "Usijali, Mama. Haikuwa kosa lako." Na akaupokea ule uji. Baadaye alipokuwa akikumbuka makosa yake, hili la uji lilimwuma karibu sawa na lile la swichi. Aliikubali toba ya mtu asiyekuwa na kosa, akamsamehe, kana kwamba yeye ndiye mwenye haki ya kusamehe.

Upasuaji ulikwenda salama. Mzee alikaa wodini hadi kidonda kikakauka, na Masila alikuwa akilala huko mara nyingi kuliko mtu mwingine yeyote, juu ya mkeka chini ya kitanda. Watu wa wodi walimsifu. "Una mwana," walimwambia mzee. Masila alijifanya yuko mbali. Kazi za hoteli aliziachia wengine. Wateja walipopiga simu, hakupokea. Kinu kilikuwa kimya. Watoto walikuja na simu zao, wakakuta masomo hayafunguki, wakaondoka.

Mzee aliporudi Ukunda, alikuwa akitembea kwa kigari cha chuma cha kushikilia, hatua ndogo ndogo. Bandeji ya jicho ilikuwa imetolewa zamani, na jicho lile lilikuwa linaona vizuri ajabu. Asubuhi moja, Kalekye yuko kazini na Kaindi amekwenda sokoni, mzee alikuwa ameketi kibarazani na Masila akimkata kucha za miguu.

"Kinu kimeharibika?" mzee akauliza.

"Nimekizima."

"Kwa nini?"

"Naziuza, Baba. Kuna mtu Likoni, Abdulrahim, anazitaka zote."

"Unaziuza kwa ajili ya mguu wangu."

Masila alishika kidole gumba cha baba yake, ukucha wake mnene, wa mtu aliyetembea peku utoto wake wote. Akasema, bila kuinua macho, "Baba, siku ile nilisikia."

Jumwa alikuwa akipepeta kitu upande wa pili wa ua.

"Najua," mzee akasema.

"Umejuaje?"

"Mashine yako ikinguruma, mtu haiti. Ni kupoteza pumzi. Ndiyo maana nilitoka mwenyewe, nikateleza, nikangoja inyamaze nikiwa pale chini. Iliponyamaza, nikaita. Halafu ikanguruma tena." Alikuwa akizungumza taratibu, kama anayeeleza jinsi mbuzi fulani alivyopotea. "Nikasema, kumbe hajamaliza. Basi nimngoje amalize."

Mkono wa Masila ulisimama.

"Uliita tena?"

"Niliita mashine ikiwa inanguruma, kwa kuwa maumivu yalizidi. Hiyo nadhani hukuisikia."

"Hiyo sikuisikia."

"Haya."

Masila alikuwa ameinamisha kichwa hadi paji lake likagusa goti la baba yake, goti zima. Alitaka kulia lakini kilio hakikuja. Kilichokuja kilikuwa ile picha ya mzee chini ya jua, jicho moja limefungwa, akisikiliza mashine kwa makini ili ajue wakati wa kuita. Amejifunza mpangilio wake kama fundi. Alikuwa amengoja zamu yake.

"Kwa nini ulimwambia Kaindi hukuita?"

"Kaindi ana hasira ndefu. Ningesema niliita, asingezungumza nawe hadi nife, na nikifa mtabaki wawili tu. Nilikufunika."

"Umenisamehe?"

Mzee aliuvuta mguu wake akaunyoosha, uso ukakunjamana. "Mguu unauma," akasema. "Usiniulize mguu ukiuma. Maliza kucha."

Akazimaliza. Alipokuwa akizifagia, mzee alisema jambo moja zaidi, kwamba zile mashine asiziuze zote, hasa ile ya masomo ya watoto. Alisema hataki wajukuu wa watu wapite pale wakamtazama yeye kama mzee aliyezima kinu. Masila akafanya hivyo, ila ile ya tatu aliiuza. Hakuweza kuigusa. Abdulrahim alipokuja kuichukua aliiwasha, akapiga mluzi, akasema hajaona mashine ya umri ule iliyopandishwa hadi hapo, fundi aliyeifanya ana mkono. Masila alimsaidia kuibeba hadi garini.

Kisha akaenda kwa Jumwa. Alimkuta uani, akamwambia kwamba sauti ile ya kwanza yeye pia aliisikia, na alikuwa karibu kuliko yeye, na alikuwa mtoto wa mzee. Jumwa alisimama na ungo wake.

"Ukaniacha nilie pale hospitalini?"

"Ndiyo."

"Na nilifunga, Baba Judy. Nilifunga nikaomba, nikidhani nimemuua mzee wa watu."

"Nisamehe, Mama."

"Nenda nyumbani," Jumwa akasema. "Nenda, nitakuja kukusalimia siku nikiweza." Ilimchukua muda. Kwa Kalekye alikuwa akija, na alimletea mzee mahamri asubuhi, lakini Masila akipita, alikuwa akiitazama kazi iliyokuwa mikononi mwake. Salamu ya kwanza ilipotoka ilikuwa fupi, nayo Masila akaishika kama kitu cha thamani.

Mzee Muange alirudi kwake kabla ya mvua. Mbuzi hakuweza kuwachunga tena. Alikuwa akikaa chini ya paa la jiko na kuwahesabu kwa jicho lake jipya walipoingia, na akamgombeza Kaindi kwa kuwa wamekonda. Masila sasa alikuwa akienda Mackinnon Road kila mwisho wa mwezi, akakaa siku kadhaa. Hakuwa mchungaji mzuri. Mbuzi walimjua upesi wakamfanyia wapendavyo. Lakini Kaindi aliweza kwenda kliniki ya mgongo, na kanisani, na hata kulala kwa rafiki yake Mariakani bila kutazama saa.

Safari ya tatu alibeba mabomba ya chuma kutengeneza kishikio kutoka mlango wa nyumba hadi chooni, mzee aweze kwenda akijishikilia. Kaindi alimsaidia. Alishika bomba wima naye Masila akamwaga saruji kwenye shimo. Mzee alikuwa amelala ndani. Jua lilikuwa kali na upepo umejaa vumbi jekundu.

Masila alimwambia hapo. Alimweleza yote: paketi juu ya kabati, mlango, taa ya machungwa, sauti, swichi. Na kwamba Nau alisema uongo kwa ajili yake.

Kaindi hakuliachia bomba. Alilitazama, akalisogeza kidogo likae sawa.

"Nilijua tangu siku ile ya hospitali," akasema. "Nilikuwa nangoja nione mtakaa nalo hadi lini, nyinyi wawili." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Siwezi kukuambia ni sawa, Masila. Si sawa. Nilimtunza miaka yote hii na hakuvunjika ukucha."

"Najua."

"Hujui. Lakini unakuja." Akainua kichwa akaangalia shimo. "Tia saruji zaidi upande wako, hapo pamebaki wazi. Likilegea ataanguka tena."

Masila akachota koleo lingine, akatia, akaishindilia kwa kijiti, na Kaindi akaendelea kulishika bomba hadi saruji ilipoanza kukauka.